Namba Kwenye Lori la Laki Moja

Najua mlinisema wiki nzima. Kuna mama aliyetuma barua hapa gazetini akaniita mkatili, kwa kuwa nilimwacha Qu Yuzhen amepiga magoti kando ya lori, tochi mkononi, roho mkononi. Haya mama, nimerudi. Shika kiti vizuri.

Yuzhen alisogeza tochi karibu zaidi. Hakutaka kuamini, lakini chuma hakikumpa nafasi ya kubisha.

Alikuja mapema, saa mbili na nusu asubuhi, kusugua mahali pa kupigia namba. Lori la laki moja la Kiwanda cha Magari cha Qingxi lilikuwa limepakwa rangi ya buluu jana jioni. Saa nne, mbele ya wakuu na wafanyakazi wote, yeye ndiye ambaye angepiga namba, kwa chapa na nyundo, kwenye chasisi yake, ule mfupa wa chuma unaobeba lori zima. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka kumi na sita.

Namba ilikuwa imeshapigwa.

Moja na sifuri tano. Chini yake kulikuwa na nukta tatu alizokuwa hajaziona maishani mwake. Na kila tarakimu ilikuwa imezama zaidi upande wa kulia, kama inavyozama pale nyundo inaposhikwa kwa mkono wa kushoto.

Kiwanda kiliwahi kuwa na mpiga namba mmoja tu wa mkono wa kushoto. Aliitwa Qu Dehai. Alikuwa baba yake Yuzhen, na alikufa mwaka wa sabini, siku lori namba nne lilipotumbukia mtoni. Hata maiti haikupatikana.

"Baba?" Yuzhen alinong'ona, kisha akaona aibu kwa kunong'ona.

"Unaongea na nani?"

Yuzhen aliruka nusura agonge kichwa kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yake alisimama Xiang Kezhong, mkuu wa idara ya wafanyakazi, suti imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliinama akaitazama namba.

"Ala! Umeshapiga? Si tulikubaliana saa nne, wapiga picha wakiwepo?"

Hapo Yuzhen angeweza kusema ukweli. Hakusema.

"Nilitaka... nilitaka kuhakikisha haiharibiki, Mkuu. Mbele ya watu ningeweza kutetemeka."

"Kutetemeka!" Xiang alicheka kwa pua. "Hilo ndilo jambo ninalotaka kukuuliza. Cheti cha daktari kinasema mkono wako wa kulia umekwisha, kazi huiwezi, tukustaafishe. Mbona mgonjwa anapiga namba nzuri kuliko wazima?"

Yuzhen aliunyanyua mkono wa kulia. Ulitetemeka kweli, na safari hii hakuwa anaigiza.

Xiang alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Yuzhen aliijua hata kwa mbali. Ilikuwa fomu ya kurithi nafasi: mzazi anatoka kazini, mtoto anaingia mahali pale pale, kwa namba ile ile ya kazi. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoingia baada ya kifo cha baba yake. Na sasa jina lililoandikwa kwenye fomu lilikuwa la bintiye, Tan Jihong, miaka kumi na minane.

"Leo tarehe ishirini na nane Septemba," Xiang alisema. "Tarehe mosi Oktoba utaratibu huu unafutwa nchi nzima. Baada ya hapo atafanya mtihani kama wengine, na mwanao hesabu zimemshinda, sote tunajua. Lori likitoka tu getini, napiga muhuri. Kabla ya hapo sipigi. Usiniharibie sherehe, Yuzhen."

"Siharibu, Mkuu."

"Na acha kuongea na malori."

Alipoondoka, Yuzhen alikimbilia kabati lake. Kufuli lilikuwa limefungwa, ufunguo u shingoni mwake kama kawaida. Alifungua kisanduku cha mbao alimokuwa akihifadhi chapa za tarakimu, zile zile za baba yake. Akachukua ya sifuri.

Mdomo wa chapa ulikuwa na rangi ya buluu.

Aliigusa kwa kidole. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamng'ang'ania.

Upepo ulitoka ndani pangoni ukampiga mgongoni. Kiwanda hakikuwa jengo, kilikuwa mlima uliotobolewa. Mwaka wa sitini na tisa serikali iliwaleta watu kutoka kaskazini kwa treni, na watoto wao na masufuria yao, ikawaambia wajenge kiwanda cha magari humu milimani ambamo adui hawezi kukiona. Walilala kwenye vibanda vya mikeka. Malori matatu ya kwanza yalipelekwa kwenye gwaride yakisukumwa na watu usiku kucha ili asubuhi yaonekane yanatembea. Leo kiwanda kilikuwa na hospitali yake, shule yake, sinema yake, hata duka lake la tofu, ile jibini nyeupe ya soya, na wakubwa walishaanza kuzungumza habari za kuhamia mjini. Kimekua hasa. Lakini mahandaki ya zamani hayakwenda popote, na tangu mwezi uliopita wanawake wa kusuka nyaya za umeme za malori walikuwa wakisema kwamba saa ya chakula, mitambo ikinyamaza, mtu husikika huko ndani akigonga nyundo.

Yuzhen aliwacheka wanawake wale. Wiki iliyopita tu aliwacheka.

Alikwenda mbio mpaka mdomoni mwa handaki la pili. Hapo ndipo alipokaa Fundi Lou Baoshan, mlinzi wa stoo, aliyekuwa mwanafunzi wa baba yake enzi za mikeka. Mzee alikuwa anakunywa uji na kutafuna kachumbari ya figili, redio sikioni.

"Ami Lou, nani ana ufunguo wa kabati langu?"

"Salamu kwanza, mtoto usiye na adabu."

"Shikamoo Ami. Nani ana ufunguo?"

"Wewe peke yako. Kuna nini? Umekuwa mweupe kama tofu."

Yuzhen alimwambia. Mzee alisikiliza huku akitafuna, tena kwa tabasamu la mtu anayesikiliza uzushi wa wanawake. Lakini Yuzhen alipochora nukta tatu kwa kidole kwenye vumbi la meza, Lou aliacha kutafuna. Redio akaizima.

"Nani kakufundisha hizo?"

"Hakuna. Ziko pale, chini ya namba. Ni nini?"

"Umeziona kwa macho yako?"

"Nimezigusa, Ami!"

"Haiwezekani," Lou alisema, na hakuwa anamwambia yeye. "Hawezi."

"Nani hawezi?"

Mzee aliinuka akafunga mlango wa stoo, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Sikiliza. Zamani, tangu kule kaskazini tulikotoka, mpiga namba hakuwa mpiga namba tu. Alikuwa mtu wa mwisho kulitazama lori. Akiona kasoro ambayo wakubwa hawataki kuisikia, alipiga namba kama alivyoamriwa, kisha chini yake nukta tatu. Maana yake: lori hili lisitoke. Hakuna dereva aliyethubutu kuendesha lori lenye nukta tatu. Baadaye uongozi ulipiga marufuku, ukasema nukta zinachelewesha mpango. Wewe uliingia kazini baada ya hapo, ndiyo sababu huzijui."

"Na baba?"

"Baba yako aliona ufa kwenye chasisi ya lori namba nne. Siku ile wakubwa walikuwa wamesimama nyuma yake, wote sita. Aliogopa. Akapiga namba bila nukta."

Yuzhen alikaa chini juu ya boksi la misumari.

"Lori lilifika kona ya tatu ya mteremko," Lou aliendelea, "chasisi ikakatika. Watu wanane walikuwa nyuma, na ngoma zao na bendera zao. Tuliokota viatu mpaka jioni."

"Na baba akafa pamoja nao."

Lou alivua kofia yake.

"Ami. Baba akafa pamoja nao?"

"Baba yako hakupanda lori lile." Mzee alijipangusa uso kwa kofia. "Alikuja hapa hapa, akanikuta nalia. Akavua koti lake la kazi akanipa. Akasema, Baoshan, litupe mtoni wakaliokote. Nikamwambia umerukwa na akili. Akasema, mwanangu Yuzhen huu ni mwaka wa tano anachimba viazi kijijini, huko vijana wa mjini walikopelekwa kulima, na mtoto mgongoni, na hakuna njia ya kumrudisha. Nikiwa hai nitafungwa, naye ataozea huko akiitwa mtoto wa mfungwa. Nikiwa nimekufa kazini, ataletwa achukue nafasi yangu."

Yuzhen alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo, binti yangu. Alikufa kwa makaratasi ili wewe upate kazi. Amekaa miaka yote nyuma ya ule mlima akifuga nyuki, bila kitambulisho, bila vocha ya mgao wa chakula, bila jina. Mimi nilimpelekea chumvi na mafuta ya taa. Wewe ulikuwa unakwenda kumchomea karatasi, sadaka ya wafu, ukingoni mwa mto, na yeye alikuwa akikutazama kutoka juu."

"Miaka kumi na sita!" Yuzhen alipiga meza kwa kiganja, bakuli la uji likaruka. "Miaka kumi na sita unanitazama nalia, unanipa na leso! Hata mara moja hukuweza kusema?"

"Aliniapisha. Ingejulikana yu hai, nafasi yako ingekuwa batili. Ungefukuzwa. Na sasa..."

Hakumaliza, na hapakuwa na haja. Kama nafasi ya Yuzhen ilikuwa batili, Jihong angerithi nini?

Hapo ndipo vipaza sauti vya kiwanda vilipokohoa.

"Ndugu wafanyakazi! Vijana kumi na wawili waliochaguliwa kupanda lori la laki moja hadi mjini wakusanyike uwanjani! Anayebeba bendera ya mbele: Tan Jihong!"

Yuzhen na Lou walitazamana. Kwenda mjini kulikuwa na njia moja tu, na kona zake zilikuwa zile zile.

"Nukta tatu," Yuzhen alisema. "Baba ameona ufa."

"Yuzhen, ngoja! Kuna jambo sijamaliza..."

Lakini angengojaje? Alishatoka, kiatu kimoja kimefunguka kamba, anakimbia.

Uwanja ulikuwa umefurika. Ngoma zilipigwa, mashada ya karatasi nyekundu yalining'inia kila mahali, na wanafunzi wa shule ya kiwanda walishaimba nyimbo zao mara tatu. Lori lilikuwa limewashwa. Nyuma yake, mbele ya wenzake wote, alisimama Jihong na ua kubwa jekundu kifuani, bendera mkononi, meno yote nje kwa furaha.

Dereva aliingiza gia.

Yuzhen alipenya chini ya riboni akasimama mbele ya lori, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Zima!"

"We mama, toka hapo!" dereva alifoka akikanyaga breki. Vijana nyuma waliangukiana. "Unataka kufa siku ya sherehe?"

"Zima injini! Wote washuke!"

"Mama!" Jihong alichungulia juu ya kibanda cha dereva, uso umemwiva. "Mama, unafanya nini? Unaniaibisha!"

"Shuka, Jihong."

"Sishuki! Umenitafutia nafasi hii mwenyewe, sasa unanitoa mbele ya watu?"

"Shuka kabla sijaja kukuteremsha kwa masikio!"

Watu wengine walicheka. Xiang Kezhong hakucheka. Alikuja kwa hatua za haraka, tabasamu la wapiga picha likiwa bado usoni, akamshika kiwiko.

"Fomu iko mfukoni mwangu," alinong'ona bila kuacha kutabasamu. "Muhuri uko mfukoni mwangu. Ondoka taratibu, sema ulipatwa na kizunguzungu, na mwanao jioni atakuwa mfanyakazi."

Wasomaji wangu, nani kati yenu asingepatwa na kizunguzungu? Binti mmoja, nafasi moja, siku mbili zimebaki. Na ufa wenyewe hakuwa ameuona kwa macho yake. Alichokuwa nacho ni nukta tatu za mtu aliyekufa mwaka wa sabini.

"Chasisi ina ufa," Yuzhen alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga ngoma. "Mwiteni mkaguzi aigonge."

Ngoma zilikoma. Mkurugenzi wa kiwanda, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama jukwaani akiifunga na kuifungua saa yake ya mkononi, aliashiria kwa kidevu. Vijana wakashuka wakinung'unika, Jihong wa mwisho, bendera anaiburuta.

Mkaguzi akaingia chini ya lori na kinyundo chake. Akagonga. Chuma kikalia vizuri. Akagonga tena mbele kidogo. Kikalia vizuri. Xiang alipumua.

Kisha kinyundo kikagonga nyuma ya ekseli, na kilichosikika kilikuwa mlio wa chungu kilichopasuka.

Mkaguzi alikwangua rangi kwa kisu. Alichelewa kutoka. Alipotoka uso ulikuwa umempauka.

"Mkurugenzi, ufa una urefu wa kiganja. Umejazwa lipu, ukapakwa rangi juu. Lisingefika chini ya mlima."

Mama mmoja alimvuta mwanawe kutoka kwenye lile kundi la vijana akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Dereva aliketi chini kwenye ngazi ya lori, akatoa sigara, akaiweka mdomoni kinyumenyume.

Mkurugenzi alishuka jukwaani.

"Umetuokoa," alimwambia Yuzhen. "Lakini namba ya laki moja imeshapigwa kwenye chasisi mbovu. Aliyeipiga ameithibitisha. Nani aliipiga?"

"Ni yeye mwenyewe!" Xiang alidakia. "Aliniambia asubuhi. Kazi ya kupiga namba ni yake."

Yuzhen alijiona amebanwa kama chuma kwenye jiliwa. Akisema ni yeye, amelithibitisha lori la kuua watu, na fomu inachanika. Akisema si yeye, ataulizwa ni nani, na mkono ule haukuwa wa mtu mwingine yeyote kiwandani. Alimtazama Jihong. Macho ya binti yalikuwa yameng'ang'ania ule mkwaruzo chini ya lori. Sasa ndiyo alikuwa ameelewa alikokuwa anakwenda.

Kama fomu ni ya kuchanika, Yuzhen aliwaza, ichanike kwa ukweli. Mtu yule alishakubali kuwa mfu kwa miaka kumi na sita kwa ajili yangu. Simzamishi mara ya pili.

"Sikuipiga mimi," alisema. "Tazameni tarakimu zilivyozama. Ni mkono wa kushoto. Imepigwa na baba yangu, Qu Dehai."

Manung'uniko yalianza mbele yakaenda nyuma. Wazee wa enzi za mikeka walisogea, wakainama, wakaitazama namba. Mmoja wao akavua kofia.

"Ni mkono wake," alisema. "Na nukta zake."

"Qu Dehai ni marehemu!" Xiang alipaza sauti. "Ndiyo sababu wewe uko hapa! Jibu mbele ya kiwanda kizima: baba yako ni mzima au ni mfu?"

"Ni mzima."

Kauli ilikuwa imetoka. Aliisikia ikitua.

Xiang alitoa fomu mfukoni. Hakuichana kwa hasira, aliichana polepole, mara mbili, kama mtu anayefungua barua.

"Basi hukuwahi kurithi kitu. Na aliyekuwa hana kitu hana cha kumwachia mwanawe."

Jihong hakulia. Alikuja akasimama karibu na mama yake, bega kwa bega, na Yuzhen akamshika mkono. Mkono wake wa kulia, mgonjwa kwa cheti, ulikuwa umetulia kabisa.

"Nipeleke kwake," Yuzhen alimwambia Lou, aliyekuwa anasukumana na watu kuja mbele, kifua kinampanda na kushuka. "Ami, nipeleke kwa baba. Sina tena cha kuficha."

Lou alifika.

"Hukuningoja nimalize, binti yangu."

"Kumaliza nini?"

"Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya zamani, siku ya kumi na tano, sikukuu ya wafu, nilipanda mlimani na chumvi yake. Nilimkuta amelala kando ya mizinga. Alikuwa ameshapoa." Mzee alimshika Yuzhen mabega yote mawili. "Nilimzika kwa mikono yangu, Yuzhen. Baba yako ana karibu wiki sita ardhini."

Uwanja mzima ulirudi nyuma hatua moja, mbali na lori.

Yuzhen alitaka kusema kwamba rangi ilipakwa jana jioni tu. Alitaka kusema kwamba rangi kwenye chapa ya sifuri ilikuwa bado mbichi. Lakini aliyesema alikuwa Jihong. Alikuwa ameinamisha kichwa akilitazama lile ua jekundu kifuani pake, na vidole vyake havikuthubutu kuligusa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mzee alikuja asubuhi, tukijipanga. Alinifunga ua hili kwa mkono wa kushoto. Mkono wake ulikuwa baridi sana, nikamwambia, babu, vaa glavu. Akacheka."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia nisipande. Nilidhani ni kichaa." Binti aliinua macho. "Mama, hakuniita Jihong. Aliniita Yuzhen."